Kempa Milimani Wakati wa Majani Kupukutika: Dalili, Chanzo na la Kufanya Ukiwa Peke Yako

Mwishoni mwa Septemba miti ya aspeni ya milima ya San Juan, kusini-magharibi mwa jimbo la Colorado, hugeuka manjano mlima mzima ndani ya siku chache. Aspeni huchipua kutoka kwenye mizizi ya wenzake, kwa hiyo unachokiona kama kichaka mara nyingi ni mti mmoja wenye mashina mengi, nao hubadilika rangi kwa pamoja. Kwa sisi tunaoishi Denver na Aurora, hizo ndizo wiki za kukodi kempa, yaani vani yenye kitanda, jiko na hita, na kwenda kupanda barabara namba 550 kati ya Durango na Ouray. Ni safari ninayompendekezea kila mtu, hata anayesafiri peke yake.

Ila upweke unabadilisha namna ya kutafuta hitilafu. Mkiwa wawili, mmoja akianza kusema ovyo au kuyumba, mwenzake atamwona. Ukiwa peke yako, anayepima ndiye huyohuyo anayeweza kuwa mgonjwa. Ndiyo maana naanza na dereva, kisha gari, na nakuomba ufuate mpangilio huo kila asubuhi kabla hujagusa ufunguo.

Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi haukuja

Hii ndiyo dalili ninayotaka uisome mara mbili, kwa sababu ina vyanzo viwili vinavyofanana mno, na kimoja kinaua usiku huohuo.

Chanzo cha kwanza ni mwinuko. Denver ipo mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Silverton, ulio kwenye barabara hiyo ya 550, upo mita 2,840, na kilele cha Red Mountain Pass, kati yake na Ouray, ni mita 3,358. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia mita 2,500 hivi, kwa kawaida saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika juu. Ukipanda mchana na kulala Silverton, kichwa kitakuanza usiku. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaujua ugonjwa huu vizuri, na dawa yao kuu haijabadilika: kuteremka. Mita 500 tu chini huleta tofauti kubwa. Kunywa maji, acha pombe, usiongeze mwinuko mpaka kichwa kipoe.

Chanzo cha pili ni monoksidi ya kaboni kutoka kwenye hita, jiko au bomba la moshi la injini. Haina rangi wala harufu. Nayo huleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, dalili zilezile za mwinuko. Wengi tumewahi kusikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Ndani ya kempa chumba ni kidogo zaidi, na hatari ni hiyohiyo.

Utatofautishaje? Watu husema toka nje upunge hewa, ukipata nafuu basi ni gesi. Kipimo hicho sikiamini. Monoksidi ya kaboni hukaa kwenye damu kwa saa kadhaa, kwa hiyo unaweza kusimama nje dakika kumi, kichwa kikaendelea kuuma, ukajiridhisha kuwa ni mwinuko, ukarudi kulala kwenye gesi. Kanuni yangu ni hii: ikiwa kitu chochote kilikuwa kinawaka ndani au injini ilikuwa inanguruma, chukulia ni gesi. Zima kila kitu, fungua milango yote, toka na jaketi lako, piga 911, usirudi ndani. Ukikosea upande huo umepoteza usiku mmoja wa baridi tu.

Kengele ya gesi hii iwe karibu na unapolalia. Igeuze usome tarehe mgongoni, kwa sababu nyingi huishi kati ya miaka 5 na 10, na betri mpya haiponyi kengele iliyozeeka. Kama kempa ni ya kukodi, bonyeza kitufe cha majaribio mbele ya mwenye gari kabla hujasaini.

Dalili zisizosubiri asubuhi ni kuyumba unapotembea kisigino kwa kidole katika mstari ulionyooka, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi ukiwa umekaa tu, na kikohozi kisichokoma. Hapo unahitaji msaada, na usiendeshe mwenyewe ikiwa huwezi kutembea mstari huo.

Kuna jambo moja linalowahusu watu wa kwetu kuliko wengi. Mwenye ugonjwa wa selimundu aongee na daktari wake kabla ya kupanda kabisa. Hata aliyebeba chembe moja tu ya urithi, ambaye maisha yake yote hajaugua, anaweza kupata tatizo la bandama kwenye mwinuko mkubwa. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Teremka, nenda hospitali, na uwaambie wazi kuwa una chembe ya selimundu, maana daktari anaweza asiwaze hilo haraka. Kama hujui hali yako, kipimo chake ni cha damu tu. Kapime kabla ya safari.

Hita inawaka, kisha inazima

Kempa nyingi zina hita ya dizeli au ya gesi. Ya dizeli ikianza kutoa moshi mweusi, ikanguruma vibaya na kuzima baada ya dakika chache, tatizo mara nyingi ni hewa nyepesi. Kwenye mita 3,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 ya lile la pwani. Pampu inaleta mafuta yaleyale, hewa ni pungufu, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa. Angalia kama hita yako ina mpangilio wa mwinuko na uuwashe. Kama haina, lala chini zaidi. Usiiache kwenye moto mdogo usiku kucha, maana hapo ndipo masizi hujengeka. Ipandishe hadi juu kwa dakika ishirini hivi kabla ya kuizima. Na uizime kwa kitufe chake, usikate umeme, kwa sababu feni inahitaji kuendelea kupoza ndani.

Ikikataa kuwaka tangu mwanzo, pima betri kabla ya kulaumu hita. Plagi ya kuwashia hula umeme mwingi kwa dakika za kwanza. Hita ya gesi nayo ina tabia yake: feni inazunguka, unasubiri mwali, mwali hauji. Ndani yake kuna swichi ndogo inayosukumwa na upepo wa feni, na betri ikiwa dhaifu feni haizunguki kwa kasi ya kuisukuma. Mtungi umejaa, hita nzima, na bado unatetemeka kwa sababu ya volti.

Kuhusu mtungi wenyewe: butane huacha kugeuka kuwa gesi pale baridi inapokaribia sifuri, propane huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Vile vikopo vidogo vya jiko la mezani mara nyingi ni butane tupu. Vikinyamaza asubuhi ya barafu, havijaisha.

Betri imekufa alfajiri

Umelala ikiwa na nguvu, saa tisa usiku hita inazima, taa hafifu. Kwanza pima. Betri ya risasi iliyopumzika ikiwa imejaa husoma volti 12.6 hadi 12.7, na kwenye 12.2 hivi imebaki nusu. Baridi ya sifuri peke yake hupunguza uwezo wake kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa hiyo betri iliyokutosha mwezi wa Julai haikutoshi sasa hata ikiwa nzima.

Kisha angalia jua. Wiki ya mwisho ya Septemba, kwenye latitudo ya Silverton, jua la adhuhuri hufika kama nyuzi 50 tu juu ya upeo, na mwishoni mwa Oktoba ni chini ya 40. Mbaya zaidi, bonde lina kuta: jua linachelewa kuchomoza na linawahi kupotea. Paneli iliyolala juu ya paa hupata kidogo, na ukiegesha chini ya aspeni ili uamke kwenye yale manjano, majani yanadondokea juu yake. Jani moja lililolowa likigandia kwenye seli linaweza kupunguza umeme wa paneli nzima kuliko unavyodhani. Panda ngazi, pangusa, ndipo uanze kufungua waya.

Kama betri ni ya lithiamu na asubuhi inakataa kuchajiwa ingawa jua lipo, kuna uwezekano mkubwa haijaharibika. Betri hizi hazitakiwi kuchajiwa chini ya sifuri, na saketi yake ya ulinzi inakata yenyewe. Pasha chumba joto, subiri. Asije mtu akakushauri kuizunguka saketi hiyo.

Gari halipandi, au linachemsha

Injini isiyo na turbo (kifaa kinachoisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ukifika Red Mountain Pass theluthi moja hivi imekwenda, na kempa ni nzito. Hiyo si hitilafu. Weka gia ya chini, kaa kulia, waache wenye haraka wapite kwenye sehemu za kupishana.

Ikiwa injini inagonga, ile sauti ya kokoto ndani ya kopo unapokanyaga mafuta, angalia ulijaza nini. Vituo vingi vya Colorado huuza petroli ya kawaida yenye namba ya okteni 85, wakati magari mengi ya kisasa yanataka 87 kwenda juu. Ya bei ya chini si lazima iwe yako. Soma kijitabu cha gari au kibandiko kwenye kifuniko cha tangi.

Sindano ya joto ikipanda, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani hadi mwisho, teremsha vioo, punguza mwendo, tafuta pa kuegesha. Usifungue rejeta ikiwa ya moto. Ikiwa gari lilikuwa salama Denver na linachemsha milimani tu, nunua kwanza mfuniko mpya wa rejeta. Huo ndio unaoshikilia shinikizo, na uliochoka hujificha tambarare ukajulikana juu, ambako maji huchemka mapema.

Harufu ya kuungua ukiteremka

Kutoka Red Mountain Pass hadi Ouray unashuka karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 20 hivi, kona juu ya kona, na sehemu kubwa haina kingo za chuma pembeni. Kibao cha barabarani kitakuandikia futi, usishtuke na tarakimu.

Ukiwa na woga wa kingo, chagua mwelekeo. Ukitoka Silverton kwenda Ouray upo upande wa ukuta wa mlima. Ukitoka Ouray kwenda kusini, upande wako ndio wa bonde.

Harufu ikija, egesha kwenye sehemu pana, weka gia ya maegesho, zuia matairi kwa jiwe au kabari. Usimwage maji kwenye breki. Zunguka gari na upitishe mgongo wa kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ikiwa joto limelingana pande zote mbili za mbele, umetumia breki kupita kiasi: subiri nusu saa, kisha teremka kwa gia ya pili au hata ya kwanza, ukikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi na kuachia, si kuegemea pedali njia nzima. Ikiwa rimu moja ni ya moto kuliko nyingine, kalipa, yaani kifaa kinachobana breki, imekwama, na hilo halitatulizwa na ustadi wa dereva. Ita gari la kuvuta.

Pedali ikizama laini hadi karibu na sakafu, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa: ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, yaliyonywa maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Pampu pedali haraka haraka, shusha gia, na ukiona njia ya dharura ya malori, ile ya kokoto inayopanda pembeni, iingie bila kuona aibu. Kwa kempa ya kukodi, uliza lini mafuta ya breki yalibadilishwa. Asiyejua jibu, kodi kwa mwingine.

Taa ya upepo wa matairi

Asubuhi ya baridi taa inawaka, mchana inazima. Upepo hupungua takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi zinazoshuka. Jaza asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa namba iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mwinuko nao hufanya geji isome juu kidogo, kwa hiyo ukipima kileleni tairi zikiwa za moto utaona namba kubwa. Usipunguze. Utazihitaji chini.

Taa ikiwaka kwa tairi moja tu na kurudi kesho yake, hiyo ni pancha.

Vioo vinatoka jasho, godoro lina unyevu

Pumzi ya mtu mmoja usiku mzima inatosha kulowesha vioo vyote, na jiko la gesi linapowaka hutoa mvuke wa maji pia. Watu hufunga kila tundu ili kubakiza joto, na hapo ndipo ukungu unapoanza nyuma ya mito. Fungua tundu la paani kidogo na dirisha moja upande wa pili, usiku kucha, hata kukiwa na barafu. Utatumia dizeli zaidi, na utalala kwenye shuka kavu. Inua godoro kila asubuhi liegemee ukuta wakati unakunywa chai.

Maji hayatoki

Pampu inanguruma, bomba kavu. Kwenye mita 3,000 usiku wa mwisho wa Septemba hushuka chini ya sifuri mara kwa mara. Bomba zinazopita nje au karibu na milango ya nyuma huganda kwanza. Zima pampu isijiunguze, fungua makabati ili joto la chumba liingie, subiri. Usiguse bomba kwa mwali. Ukitaka kuzuia, toa maji yote jioni, ulale na dumu la lita tano ndani. Kioevu cha kuzuia kuganda kwa bomba za kempa ni kile cha waridi chenye propilini glikoli. Kile cha rejeta ni sumu, kisikaribie maji ya kunywa.

Maharage hayaivi

Si ya zamani, na mtungi haujaisha. Kwenye mita 3,000 maji huchemka kwa nyuzi 90 hivi, na kuongeza moto hakupandishi namba hiyo. Wali utachukua muda zaidi, maharage makavu yanaweza kukushinda kabisa. Beba ya kopo, au sufuria ya presha. Ugali haukunisumbua, ila ongeza dakika na ufunike.

Na pakiti ya krispi iliyovimba kama mpira, chupa ya shampuu iliyotapika mkobani: hewa iliyofungiwa ndani imebaki ya Denver. Fungua chupa polepole ukiielekeza mbali na uso.

Feni imekufa, redio inakatika, na kuna punje nyeusi droo ya chini

Panya. Baridi ikianza hutafuta mahali pa joto, na gari lililoegeshwa msituni siku mbili ni nyumba tayari. Hutafuna ganda la waya na kujenga viota kwenye filta ya hewa. Fungua boneti, angalia filta kwanza, kisha fuata waya kwa tochi.

Usifagie wala kupuliza vinyesi vikavu. Baadhi ya panya wa milima hii hubeba virusi vya hanta, na vumbi lake ndilo huambukiza. Fungua milango nusu saa, vaa glavu, lowesha kwa maji yenye bleach, acha dakika tano, futa kwa karatasi, funga kwenye mfuko. Chakula chote kiwe kwenye vyombo vya plastiki ngumu. Hilo halitoshi kwa dubu, ambao majira haya wanakula mchana na usiku wakijaza mafuta ya mwili, na mlango wa gari hauwazuii.

Simu haina mtandao, na ramani inakupeleka pembeni

Ramani ya simu itakupendekezea njia ya mkato kupitia Engineer Pass au Cinnamon Pass. Ni njia za mawe, mita 3,800 na zaidi, za magari yaliyo juu yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Kempa haina kazi huko. Pakua ramani ukiwa na mtandao, na asubuhi angalia tovuti ya COtrip ya idara ya barabara ya jimbo kujua njia gani imefungwa. Independence Pass, kati ya miji ya Aspen na Leadville, hufungwa majira yote ya baridi, na theluji ya kwanza inaweza kuifunga kwa muda hata Oktoba. Haipokei gari lenye urefu wa zaidi ya futi 35 hata kukiwa na jua.

Theluji ya Septemba si ajabu. Kwenye barabara kuu ya I-70, kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei sheria inataka matairi ya kufaa theluji yenye mifereji ya kina cha milimita 5 hivi, au kubeba minyororo. Tairi vipara zitakugharimu faini na pengine zaidi. Uliza kampuni ya kukodi kama inaruhusu minyororo, maana baadhi hukataza.

Kila jioni mpigie mtu. Saa tatu usiku milimani ni saa kumi na mbili asubuhi Dar es Salaam, mama ameshaamka. Yeye atakupa faraja, lakini mpango wa njia yako mpe pia mtu aliyepo Colorado, pamoja na saa ambayo akiwa hajakusikia atapiga simu. Pasipo mtandao kabisa, iPhone 14 na za baadaye zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti. Jifunze kuutumia ukiwa nyumbani, kwa sababu inabidi usimame mahali wazi na kuielekeza simu angani.

Kila unapoegesha kulala, andika kwenye karatasi namba ya barabara na namba ya kibao kidogo cha maili ulichopita mwisho, uibandike kwenye dashibodi. Atakayepokea simu yako ya 911 atakuuliza uko wapi kabla ya kukuuliza una nini, na kichwa kikiwa kinauma utahitaji kusoma tu.